Mzee Alphonce Mbilinyi Hakukopa Umeme

Tarehe 31 Desemba 2009 Mzee Alphonce Mbilinyi anastaafu, baada ya kuitumikia Kampuni ya Mizigo ya Kipengere kwa miaka ishirini na sita na miezi kumi. Miaka tisa na ushee ya mwisho ameitumikia hapa Sanyuanli, mjini Guangzhou, akiwa msimamizi wa ghala la chini na mlezi wa wapangaji wa ghorofa ya sita. Katika muda wote huo amechelewa kazini mara moja tu, siku lifti ilipokwama naye akiwa ndani. Hata hiyo anasema haihesabiki, kwa sababu alikuwa ameshaingia kwenye jengo.

Faili lake la utumishi lina kurasa mia moja na tatu. Nimezisoma zote. Kurasa mia moja na mbili ni za pongezi, likizo, uhamisho, mipango ya kazi na vipimo vya macho. Moja ni barua ya onyo. Kwa sababu ya barua hiyo, Mzee Alphonce yuko njiani kustaafu bila Cheti cha Utumishi Uliotukuka, ambacho kwa kanuni za kampuni hapewi mtu mwenye onyo hata moja. Nitaeleza kazi zake kama wasifu unavyotaka, lakini wasomaji wa jarida letu mnivumilie, maana nimeuandika hasa kwa ajili ya ukurasa ule mmoja.

Mzee Alphonce alizaliwa mwaka 1949 Njombe, kule ambako asubuhi za Juni nyasi huamka nyeupe kwa umande ulioganda. Aliajiriwa Machi mosi 1983 kama mchukuzi kwenye bohari yetu ya Makambako, akipakia viazi na mbao. Huko ndiko alikojifunza kupima mzigo kwa mkono. Hushika gunia shingoni, akalinyanyua kidogo, akafumba jicho moja, akataja kilo. Mizani ikimpinga huwa anaiambia ipumzike kwanza, kisha anapima tena. Wauzaji wa soko la Zhanxi hapa Guangzhou waliokuwa na tabia ya kutuongezea uzito kwenye marobota ya nguo wanamfahamu, na wakimwona anakuja wanasema uzito wa kweli kabla hajafumba jicho.

Mwaka 1991 alihamishiwa Dar es Salaam, na mwaka 2000 akateuliwa kuja kufungua ghala la Guangzhou. Kabla ya safari alimwuliza mwalimu mmoja wa jiografia hali ya hewa ya China ikoje. Mwalimu akasema China kuna theluji. Hakudanganya, ila alisahau kutaja kwamba China ni kubwa. Basi mkewe, Bi Odilia, akamfumia sweta nane za sufu, na Mzee Alphonce akashuka hapa katikati ya Agosti na sanduku la sweta mkononi, jasho likimtiririka mpaka kwenye viwiko. Sanduku akalisukuma chini ya kitanda. Tafadhali likumbukeni.

Kichina chake kilianza na neno moja. Kila duka aliloingia, muuzaji alimtazama na kusema "meiyou". Mzee Alphonce akaona hawa ni watu wenye adabu, wanasalimia mgeni kabla hajafungua mdomo. Naye akawa anaitikia, na kwa miezi miwili akamwamkia kila mtu wa mtaa kwa "meiyou", akiinamisha kichwa kidogo: mlinzi, mama muuza maandazi, dereva wa teksi. Baadaye ndipo alipoambiwa kwamba maana yake ni "hakuna". Yaani alikuwa akiwaambia watu "hakuna" saa mbili asubuhi, kwa tabasamu. Mlinzi alimpenda tangu hapo na akambatiza A-Fu, kwa kulifupisha jina la Alphonce. Kwa Kichina fu ni neema. Sisi tukisikia "Afu! Afu!" kutoka getini tunadhani kuna mtu anasimulia hadithi na amesahau kinachofuata.

Baada ya hapo alinunua daftari dogo la jalada jekundu kule mtaa wa Yide Lu, siku hiyohiyo alipogundua maduka yanayouza dagaa wakavu, jambo ambalo ghorofa ya sita haitalisahau. Ndani ya daftari huandika maneno ya Kichina kama anavyoyasikia, kwa tahajia ya Kiswahili, na maana yake pembeni. Herufi zenyewe za Kichina hajui hata moja. Shikeni na hilo pia.

Sasa nije kwenye barua.

Mimi ni Careen, binti wa Rodrick anayenunua viatu, chumba cha pili kushoto. Darasa la kwanza na la pili nilisoma kwa Kiswahili, yaliyobaki yote kwa Kichina, hapa hapa. Wengi mnanijua kwa utosi, maana nikikutana na watu kwenye ngazi huwa natazama viatu vyangu. Mimi ndiye ninayewaandikia barua za Kichina mkiwa na shida na serikali ya mtaa. Nafanya hivyo kwa sababu karatasi haikutazami usoni.

Januari ya mwaka 2008, mnaikumbuka. Theluji ilianguka huko kaskazini, treni zikasimama, uwanja wa stesheni ukajaa watu na mabegi mpaka huku Zhanxi hapapitiki. Mizigo ilikwama njiani, na wenye mizigo wakakwama na sisi. Ghorofa ya sita ina vyumba vya watu tisa. Wiki ile tulikuwa kumi na tisa, na baridi yenyewe ni ile ya Guangzhou, ya unyevu, inayokaa ndani ya ukuta kama mpangaji asiyetaka kuhama. Nyumba za huku hazina mfumo wa kupasha joto. Kila mtu akakimbilia kununua hita ya umeme. Tukafikisha hita kumi na moja kwenye nyaya zilizowekwa kwa ajili ya feni.

Swichi kuu ikaanguka mara nne kwa siku moja. Ya nne iliangukia jengo zima, lifti ikiwemo.

Jumanne tarehe 29 lilibandikwa tangazo mlangoni. Hita zote za ghorofa ya sita zimepigwa marufuku. Ifikapo Ijumaa saa kumi na moja jioni umeme wa ghorofa utakatwa, isipokuwa kama wakazi watakuwa wamewasilisha mpango wa kubana umeme wa kupashia nyumba joto, na mpango huo umekaguliwa na kupigwa muhuri na ofisi ya mtaa. Baada ya Ijumaa ofisi inafungwa kwa sikukuu ya mwaka mpya wao, wiki nzima na zaidi. Kwa hiyo ama muhuri upatikane kabla ya saa kumi na moja siku hiyo, ama tukae gizani na kwenye baridi mpaka sikukuu iishe.

Watu wazima wangevumilia kwa kulalamika. Lakini Mama Élise wa Bukavu alikuwa amejifungua wiki saba kabla, na mtoto, Bienfait, alikuwa na kifua. Alikuja ghalani akiwa amemfunga kwa kitenge na taulo, akasimama mbele ya meza ya Mzee Alphonce.

"Papa Alphonce, mutoto huyu baridi itamumaliza."

Mzee aliinuka, akapanda juu, akalivuta lile sanduku kutoka chini ya kitanda.

Mpango aliouandika Jumatano ile uko kwenye faili, ukurasa wa themanini na nane, kwa mwandiko wake wa mteremko. Mtu wa Njombe anajua baridi inapitia wapi. Alisema hita kumi na moja zinapasha joto barabara ya nje, siyo nyumba, kwa sababu madirisha yanavuja. Akachukua ile nailoni yenye mapovu ya hewa tunayofungia vyombo vya kioo, mapovu ambayo watu wazima wakiachwa peke yao huyapasua kwa vidole, akaamuru kila dirisha libandikwe tabaka mbili na kuzibwa pembeni kwa tepu ya maboksi. Maboksi yenyewe yakatandikwa sakafuni. Watu wahamie vyumba vitatu vya kati na kulala humo, wanawake na watoto kile cha jua. Maharage yachemshwe nusu saa tu kisha sufuria ifungiwe ndani ya kikapu cha mablanketi, yajiivie yenyewe kama wanavyofanya kwao Njombe. Hita zibaki tatu, ndogo, kwa zamu.

Na chini ya kila mlango, nyoka. Alikata mikono ya sweta za Bi Odilia, tukaijaza vipande vya vitambaa vya Zhanxi, tukashona ncha. Dada Kalista, anayeuza magauni Mwanza, akawawekea macho ya vifungo. Sweta saba ziliishia hivyo. Ya nane Mzee aliikunja na kumpelekea Mama Élise.

Kazi yangu ilikuwa kuutafsiri mpango huo na kuupiga chapa kwa Kichina kwenye kompyuta ya ofisi. Mwenzangu usiyejua, kompyuta ya Kichina inafanya kazi hivi: unapiga sauti ya neno kwa herufi za kawaida, nayo inakutolea orodha ya alama zenye sauti hiyo, wewe unachagua. Nilipiga jie. Jie ya sauti inayopanda ni kubana matumizi. Jie ya sauti inayoshuka ni kukopa. Kompyuta haisikii sauti kupanda wala kushuka. Inangoja uwe macho.

Sikuwa macho. Bwana Emmanueli, meneja wetu, alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akisoma pamoja nami, na mtu akisimama nyuma yangu akili yangu yote huhamia kisogoni. Nilichagua ya kwanza niliyoiona, na kwa kuwa kompyuta ina kumbukumbu nzuri, iliendelea kunichagulia hiyohiyo mpaka mwisho. Alhamisi asubuhi Mzee Alphonce akasaini, tukapeleka.

Hivi ndivyo ofisi ya mtaa ilivyosoma. Sisi wakazi wa ghorofa ya sita, kwa kuwa baridi imezidi, tumekubaliana kwa kauli moja kukopa umeme. Ukopaji utafanyika mchana na usiku chini ya usimamizi wa Mzee Alphonce mwenyewe. Watoto nao watafundishwa tangu wadogo kukopa umeme bila kukumbushwa. Tunaahidi kwamba tukifanikiwa, tutazifundisha na ghorofa nyingine. Neno hilo lilijitokeza mara tisa. Halafu, hili nililitafsiri sawasawa kabisa, kila mlango utawekewa nyoka mnene.

Ijumaa saa nane mchana akaja Bi Liang wa ofisi ya mtaa, mama mfupi mwenye koti la bluu, akifuatana na fundi umeme. Walikuja kukagua joto, lakini kwanza walitaka kuona waya wa kukopea. Wakazi wakajipanga kwenye korido. Mzee Alphonce alikuwa amevaa tai. Mimi nilikuwa mkalimani, nimesimama nyuma yake, nikitafsiri maswali ninayoyasikia bila kuelewa yanatoka wapi.

Bi Liang akauliza waya uko wapi. Mzee akasema meiyou. Akauliza umeunganishwa kwa jirani yupi. Meiyou. Akauliza ni nani aliyetoa ruhusa. Meiyou, na kichwa kikainama kidogo kwa adabu. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote ile neno lake la kwanza kupata kazi yake halali, na alilitumia kwa fahari. Fundi akafungua boksi la swichi, akafuata nyaya kwa kurunzi mpaka jikoni na kurudi, akatikisa kichwa. Ndipo Bi Liang akauliza habari za nyoka, ni wa aina gani na kama wana kibali. Hapo Mzee uso ukamng'aa. Akainama, akamnyanyua mmoja mwenye macho ya vifungo vya kijani, akamkabidhi. Bi Liang akampokea kwa mikono miwili, akambonyeza. Nadhani ndipo alipoanza kushuku kwamba tatizo haliko kwenye nyaya.

Akaniita. Akaniwekea karatasi mbele ya uso, kidole chini ya neno.

Nilisoma mara moja tu. Masikio yangu yakawaka. Kama kulikuwa na hita ya bure kwenye jengo lile siku hiyo, ni masikio yangu. Nyuma yangu walikuwa watu kumi na saba, baba yangu akiwemo, na Mama Élise akimpembeza mtoto. Nilijua nimefanya nini. Nilijua pia kwamba sentensi ya kusema ilikuwa fupi, maneno mawili kwa lugha yoyote kati ya zangu mbili. Haikutoka. Nilitazama viatu vyangu.

"Careen, mama anasemaje?" Mzee akauliza.

"Kuna neno limekosewa," nikasema. "La kubana. Limeandikwa kukopa."

Aliitazama karatasi, ambayo hawezi kuisoma. Kisha akanitazama mimi. Jicho moja alilifumba kidogo, kama anavyofanya akishika gunia shingoni.

"Mwambie neno hilo nimelitoa kwenye daftari langu. Nimekosea mimi."

Na mimi nikatafsiri. Hiyo ndiyo sehemu ambayo imenikaa kooni miaka miwili. Nilisimama pale nikaitafsiri vizuri sana, kila sauti mahali pake, inayopanda ikapanda, inayoshuka ikashuka. Siku nzima sikuwa nimetafsiri vizuri namna ile.

Bi Liang hakuuliza zaidi. Alivua koti, akaenda kuweka kiganja kwenye kila dirisha, kimoja baada ya kingine, akingoja upepo. Meiyou, alisema mwenyewe, na korido nzima ikacheka. Akahesabu hita tatu. Akafunua kikapu, akaonja maharage, akafunika. Akaketi kwenye chumba cha kati karibu na Bienfait, aliyekuwa amelala ndani ya sweta ya kumfunika mpaka miguuni, pua kavu, bila kukohoa. Kisha akatoa kalamu, akalikata neno la kukopa mahali pote tisa na kuandika lingine juu yake kwa mkono. Kila sahihisho Mzee Alphonce akatia saini, akitoa ulimi nje kidogo kama mwanafunzi. Saa kumi na dakika ishirini muhuri mwekundu ukapigwa. Umeme haukukatwa. Kabla Februari haijaisha, Bi Liang aliwaleta watu wa majengo mawili ya jirani kuja kutazama nailoni ya mapovu, na nyoka mmoja aliondoka nao.

Hayo ni mafanikio, na yanastahili kuandikwa kwenye wasifu wowote. Lakini nakala ya kwanza ya maombi, ile ya kukopa, ilikuwa imeshatumwa makao makuu Dar es Salaam pamoja na karatasi nyingine. Mtu huko akaitafutia mfasiri. Tarehe 18 Februari 2008 ikaja barua ya onyo kwa Bwana Alphonce Mbilinyi, kwa "kuwasilisha kwa mamlaka ya nchi mwenyeji maombi yenye kuifedhehesha kampuni". Alisaini kwamba ameipokea. Chini ya saini, kwenye nafasi ya maelezo ya mtumishi, aliandika: sina la kuongeza.

Mengine mnayajua, kwa sababu mlishiriki. Kaka Précieux wa Lubumbashi alimwita Monsieur Mkopaji mbele za watu tangu siku ile, na kila taa ikizimika aliuliza kwa sauti mkopo umefikia wapi. Ibadani Jumapili, siku tuliposoma habari za wanawali walioishiwa mafuta ya taa, ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Mzee alicheka kuliko wote. Mimi nilitazama viatu vyangu, ambavyo kwa sasa navijua vizuri kuliko mwenye kiwanda.

Nilijaribu mara moja. Ilikuwa Mei, ghalani, tukiwa wawili tu. Nilimwambia Mzee nataka kwenda kwa meneja. Alikuwa akifunga boksi, hakuinua kichwa. Alisema barua ni karatasi, na mimi nina mtihani wa hisabati. Akanipa pakiti ya dagaa nimpelekee mama. Nikaichukua ile pakiti nikaondoka, na nikajiambia kwamba nimejaribu. Kumbe nilikuwa nimeombwa tu na mtu mwema ninyamaze, na kunyamaza ndiyo kazi niliyoizoea.

Wiki tatu zilizopita Bwana Emmanueli alinipa kazi ya kuandika wasifu huu, kwa lugha zote mbili ili na majirani wasome. Akanipa na faili, nichukue tarehe. Kwenye jalada, mbele kabisa, palikuwa na kipande cha karatasi: Cheti cha Utumishi Uliotukuka, hastahili, ana onyo la 2008. Siku tisa nikawa naandika sentensi ya kwanza. Miaka ishirini na sita na miezi kumi. Nafuta. Miaka ishirini na sita na miezi kumi.

Alhamisi nikaenda ofisini kwa Bwana Emmanueli. Nilimwambia nikiwa nimetazama kalenda iliyo juu ya kichwa chake, ambayo ni hatua kubwa kutoka kwenye viatu. Nikamwambia daftari la Mzee nililiazima nikaliangalia. Maneno ya jie yamo yote mawili, ukurasa mmoja, yameandikwa zamani kwa wino wa bluu uliokwisha kufifia: jie, kubana, panda, jie, kukopa, shuka. Hakukosea. Hakuwahi hata kunipa neno. Alijua tofauti yake kwa sikio kuliko mimi niliyesoma.

Bwana Emmanueli alikiri kwamba hata yeye alikuwa nyuma ya kiti siku ile, na alisoma kila mstari, na yeye Kichina chake ni cha kuomba risiti. Kisha akasema kwamba makao makuu hawataitoa barua kwenye faili kwa maneno ya mdomo.

"Faili linataka karatasi," alisema. "Iandike."

Basi hii ndiyo karatasi. Mimi, Careen Rodrick, nathibitisha kwamba neno la kukopa, mara zote tisa, nililiandika mimi, na kwamba Mzee Alphonce Mbilinyi alilichukua kosa langu mbele ya watu kumi na saba na ofisa mmoja wa serikali, akalibeba miaka miwili bila kuliweka chini. Alijua uzito wake tangu alipofumba jicho. Kaka Précieux, kama unahitaji mtu wa kumwita Mkopaji, chumba cha pili kushoto.

Tafsiri ya Kichina ya ukurasa huu nimeipeleka kwa Bi Liang kabla ya kuchapwa. Neno moja moja. Alisahihisha mkato mmoja tu. Akasema siku ile alijua, kwa sababu A-Fu hajui herufi hata moja na ghorofa nzima ina mtu mmoja tu anayeandika Kichina. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema aliona mzee ameshaamua, na saa ilikuwa inakwenda.

Jumamosi tarehe 19, kwenye sherehe, Mzee atausoma ukurasa huu kwa mara ya kwanza. Najua atakunja uso, ataniambia nina mitihani. Shikamoo, Mzee. Mitihani nimemaliza Jumatano. Ghorofa ya sita inakushukuru kwa magunia yote uliyoyanyanyua, kwa dagaa, kwa nyoka, na kwa ile Ijumaa. Bienfait sasa anakimbia, sweta inamfika magotini, na haivui hata Agosti. Sanduku lako unalirudisha Njombe likiwa na sweta nane mpya, za sufu, tumezitafuta Zhanxi siku mbili na Mama Élise ndiye aliyepatana bei. Mpe Bi Odilia salamu, umweleze zile zake zilikwenda wapi. Baridi ya Juni ikikukuta, ziba madirisha, injika maharage, uketi na mkeo kwenye joto lako mwenyewe, lisilo deni kwa mtu yeyote.

Careen Rodrick
Ghorofa ya sita, Sanyuanli

Imesomwa na kukubaliwa kuwekwa kwenye faili Na. 14, ukurasa wa 103, mahali pa barua ya tarehe 18 Februari 2008, ambayo imeondolewa kwa idhini ya makao makuu. Cheti kitasomwa Jumamosi. Muhuri umepigwa. Emmanueli Sanga, Meneja.